Lily Parr: Winga aliyecheza miaka 30 huku viwanja vikifungwa

TAREHE 26 Desemba 1920, watazamaji wapatao 53,000 walijaa katika Uwanja wa Goodison Park, mjini Liverpool, kuwatazama wanawake wakisakata soka. Maelfu wengine walibaki nje kwa kukosa nafasi. Siku hiyo timu ya Dick, Kerr Ladies iliilaza St Helens mabao 4-0, na miongoni mwa washindi alikuwamo winga wa kushoto mwenye umri wa miaka 15, Lily Parr.

Wapinzani wake hao walitoka katika mji aliozaliwa Aprili 26, 1905. Alitoka familia ya wafanyakazi, na alijifunza kupiga mpira pamoja na kaka zake. Aliichezea kwanza St Helens. Dick, Kerr walipomwona, walimchukua na kumpa makazi nyumbani kwa mchezaji mwenzake.

Dick, Kerr kilikuwa kiwanda cha mjini Preston kilichotengeneza zana za kivita wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanaume walipokwenda vitani, wanawake walishika nafasi zao kwenye mashine, na mwaka 1917 wakaunda timu ambayo mapato ya mechi zake yalikwenda kuwasaidia majeruhi. Wachezaji walifidiwa shilingi 10 za Kiingereza kwa mechi, badala ya ujira walioukosa kazini.

Parr alikuwa mrefu, mwenye nguvu, na mguu wake wa kushoto uliogopwa. Mpira wa ngozi wa siku hizo ukilowa maji huwa mzito mno, lakini yeye aliuvusha kutoka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili. Husimuliwa kuwa kipa mmoja wa kiume aliyethubutu kumjaribu alivunjika mkono kwa shuti lake. Husimuliwa pia kwamba alipenda sigara kiasi cha kuzipokea kama sehemu ya malipo yake.

Desemba 5, 1921, Chama cha Soka cha England (FA) kiliamua kwamba mchezo huo haufai kwa wanawake, kikavitaka vilabu vyake visiwape viwanja. Kilidai pia kuwa sehemu kubwa mno ya mapato iliishia kwenye gharama. Ni vigumu kuzikubali sababu hizo. Wakati wa vita chama hicho hakikuwa kimewazuia. Kiliwazuia baada ya wao kuvuta umati ambao vilabu vingi vya wanaume viliutamani.

Parr alikuwa na miaka 16 tu. Walio wengi wangeliacha mchezo.

Mwaka 1922 alisafiri na timu hiyo kwenda Amerika. Wenye mamlaka wa soka wa Kanada walikataa wasicheze huko, wakaingia Marekani na kupambana na timu za wanaume: mechi tisa, wakashinda tatu, wakatoka sare tatu, wakapoteza tatu. Huko nyumbani walicheza katika viwanja vya wazi na vya raga, popote walipopokelewa.

Mwaka 1926 timu ilitengana na kiwanda, ikajulikana kama Preston Ladies. Parr alikuwa muuguzi katika Hospitali ya Whittingham, ya wagonjwa wa akili, karibu na Preston. Aliwahudumia wagonjwa kwa mshahara na kucheza soka siku za mapumziko, hadi alipotundika viatu mwaka 1951 akiwa na miaka 46. Idadi ya mabao yake inayotajwa mara nyingi inakaribia 1,000, ingawa wanahistoria hawakubaliani, kwani kumbukumbu za mechi zilizochezwa pembezoni hazikutunzwa kama za ligi.

Marufuku ya FA iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miaka 20 baada ya yeye kustaafu. Aliishi kuishuhudia siku hiyo, kisha akafariki dunia kwa saratani Mei 24, 1978.

Mwaka 2002 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika orodha ya magwiji ya Makumbusho ya Taifa ya Soka ya England. Sanamu yake ilizinduliwa katika makumbusho hayo, mjini Manchester, mwaka 2019.