Askofu Steere na watoto wa majahazini: swali la mtoto akikua aende wapi

Ukitoka Malolo ukapita Ruangwa, ukavuka Nachingwea na kuendelea kusini, unafika Masasi. Wengi wetu tunapaijua kwa korosho na kwa milima yake ya mawe. Wachache wanajua kwamba mji ule ulianza kukua na watu waliolelewa na misheni, wengine wao wakiwa bado watoto, kisha wakatafutiwa mahali pa kuanzia maisha.

Aliyewaleta ni Edward Steere.

Mwanasheria aliyegeuka padri

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria hadi shahada ya udaktari, lakini kazi ile haikumkaa moyoni. Akawa padri wa kijijini huko Lincolnshire, Uingereza.

Mwaka 1864 alifika Zanzibar na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Hawakuwa na shule wala mwanafunzi. Sultani Majid akawapa wavulana 5 waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa.

Hebu fikiria. Watoto hawana baba wala mama, wengine hata kijiji chao hawawezi kukitaja vizuri. Na wageni waliokabidhiwa Kiswahili chenyewe hawakijui.

Steere akaanza na lugha. Alikaa na watu, akauliza, akaandika. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili, na mwaka huohuo kitabu cha hadithi za Waswahili wa Unguja. Baadaye alisimamia tafsiri ya Agano Jipya.

Kiungani na Mbweni

Juni 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Meli za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi, na watoto wakazidi kuletwa. Wavulana walikaa Kiungani, wasichana Mbweni. Walisoma na kujifunza kazi, kuanzia kupiga chapa hadi ualimu. Pale soko lilipokuwa, Steere akasimamia ujenzi wa kanisa kubwa la Mkunazini.

Mwaka 1874 alikuwa amefanywa askofu. Lakini swali gumu lilikuwa bado: watoto hawa wakikua, waende wapi?

Kukaa misheni milele haiwezekani. Kumwachia kijana mlango wazi mjini, bila ukoo wala shamba, ni kumrudisha mikononi mwa wauzaji. Mbweni watu wazima walipewa viwanja na sehemu za kulima. Bado wengi waliikumbuka bara.

Safari ya Masasi

Mwaka 1875 Steere alipita Lindi na kutembea kwa miguu hadi Mwembe, kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Alitaka kuijua njia.

Oktoba 1876 akarudi Lindi na watu zaidi ya 50 waliokombolewa, wanaume na wanawake. Nia ilikuwa kuwasogeza karibu na Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri, maji yapo, wakazi wachache. Wakapenda wabaki hapohapo, na Steere akakubali. Hakuwalazimisha wafuate ramani yake.

Hapo ndipo jambo la maana lilipo. Hawakuachwa mmojammoja. Walikwenda pamoja, wakapata mashamba na majirani wanaojuana, na wamisionari wakabaki nao.

Pigo la 1882

Lakini tusipambe. Kijiji hakikuwa na ngome wala ukoo mkubwa wa kukitetea. Steere alifariki Zanzibar Agosti 1882, akazikwa Mkunazini. Septemba, kabla hata mwezi haujaisha, Wangoni waliojulikana kama Wamagwangwara walivamia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Walioponea utumwa mara ya kwanza wakakamatwa tena. Waliosalia, wengi walihamia Newala.

Kwa hiyo mpango wa Steere ulikuwa na tundu: aliwapa ardhi, hakuweza kuwapa ulinzi.

Waliosimama

Hata hivyo malezi hayakupotea. John Swedi, mmoja wa wale wavulana 5, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni na kulelewa Kiungani, alipelekwa Chitangali, upande wa Newala, mwaka 1886. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri. Alirudi kwa watu wa lugha yake akiwa na kazi mkononi. Masasi nayo iliinuka, na leo ni makao ya dayosisi ya Kianglikana.

Na sisi je?

Leo hakuna majahazi ya watumwa. Ila makao ya watoto yapo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Siku ya kuzaliwa ya 18 inafika haraka, na kijana anabeba begi lake.

Maswali ni yaleyale ya 1876: ana pa kulala? Ana kazi ya mikono? Ana wenzake? Na akipatwa na shida usiku wa manane, atampigia nani?

Kama mtaani kwako yupo kijana wa namna hiyo, usisubiri askofu. Mjulie hali.