Rumanyika wa Karagwe na Elimu ya Kuishi na Wenzi

Utangulizi

Mwalimu hafanyi kazi peke yake. Hata awe hodari wa kuandaa masomo na kuliongoza darasa, hana budi kukaa na mwalimu mkuu, walimu wenzake, kamati ya shule na wazazi. Mara nyingi mwanachuo arudipo kutoka mazoezi ya kufundisha, ugumu anaousimulia hautokani na watoto. Hutokana na mwalimu asiyesema neno kikaoni, au na yule asemaye kwa wote, au na yule anayeyachukulia maoni kama matusi.

Madhumuni ya makala haya ni kulitazama jambo hilo kwa njia ya maisha ya mtu mmoja, Omukama Rumanyika wa Karagwe. Ikulu yake ilikuwa Bweranyange, katika wilaya iyo hiyo ilimo Ihanda. Hivyo mwanachuo anayepangwa kufundisha Ihanda huenda akayasikia masimulizi juu yake kwa wazee wa Kinyambo, na hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo.

Kutawazwa kwake

Rumanyika alikuwa mwana wa Omukama Ndagara. Baba yao alipofariki, wana watatu waligombea kiti: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Masimulizi yasema kwamba iliwekwa ngoma ndogo iliyotiwa dawa, na kila mmoja akatakiwa kuinyanyua. Wenziwe walishindwa, Rumanyika akaiinua kwa kidole. Akatawala tangu yapata mwaka 1855 hadi 1878.

Lakini ngoma haikumaliza ugomvi. Nnanaji alikubali, akawa msaidizi wa karibu wa ndugu yake. Rogero alikataa, akashika silaha. Rumanyika alimshinda kwa msaada wa wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na bunduki. Tangu hapo alijua kwamba utawala wake unategemea sana kuelewana na watu ambao hawakulelewa kama yeye.

Wageni wawili, njia mbili

Tarehe 25 Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walikuwa wamechoka na wenye uchungu, kwa kuwa huko Uzinza na Usui watawala waliwazuia na kuwadai hongo tena na tena. Walipoingia Karagwe hawakudaiwa hongo, na vijiji vya njiani viliagizwa kuwapa chakula kwa gharama ya Omukama.

Rumanyika aliwapa mkono, akawauliza waionaje nchi yake. Kisha akawataka wachague wenyewe pa kukaa, ndani ya boma lake au nje. Wakachagua nje, mahali palipotazama ziwa. Tendo hilo ni dogo, lakini lina maana kubwa: hakukisia kinachompendeza mgeni, aliuliza.

Baada ya hapo aliwatendea kila mmoja kwa namna yake. Speke alikuwa mtu wa haraka, mwenye shabaha moja tu, kufika Buganda na kuuona mto. Rumanyika hakumng'ang'ania. Alituma habari kwa Kabaka Mutesa, na wajumbe wa Buganda walipofika, Speke akaondoka tarehe 10 Januari 1862, baada ya majuma sita hivi.

Grant alikuwa na donda baya la mguu, naye hakuweza kutembea. Alibaki hadi Aprili 1862. Huyu alikuwa mtu mpole, mpenda kuchora na kukusanya mimea, na muda wake ulipita polepole. Omukama alimtunza kwa miezi hiyo yote, wala hakumharakisha kwa sababu tu mwenziwe alikuwa wa haraka.

Rumanyika mwenyewe alikuwa mtu wa kuuliza. Alitaka kujua kama jua linalochomoza kila siku ni lile lile la jana, au kila siku huja jingine jipya. Mtawala aliye mbele ya watu wake hakuona aibu kuonyesha asichokijua. Wenye vyeo wengi hushindwa hapo.

Mutesa na Stanley

Kaskazini kulikuwa na Buganda, dola kubwa kuliko Karagwe, chini ya Mutesa, kijana mwenye madaraka makubwa na hasira ya karibu. Rumanyika hakumpeleka mgeni kwake bila kwanza kumpa habari. Tusimpambe kupita kiasi: adabu hiyo ilikuwa pia na hofu ndani yake. Hata hivyo alielewa kwamba mtu mwenye kupenda heshima huudhika zaidi kwa kushtukizwa kuliko kwa ombi lenyewe.

Mwaka 1876 alifika mgeni mwingine, Henry Morton Stanley. Huyu alikuwa mwepesi wa bunduki. Agosti 1875 alikuwa amewashambulia watu wa kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Viktoria na kuwaua wengi. Pale Karagwe alikaa takriban mwezi mmoja bila vita. Rumanyika, akiwa sasa mtu mzima sana, alimpa watu wa kumwongoza kuutazama mto Kagera na maziwa yake, na ziwani yakafanyika mashindano ya mitumbwi mbele ya umati. Mtu mwenye nguvu nyingi na uvumilivu mdogo alipewa kazi na mchezo. Karibu na hapo, Kafuro, waliishi wafanyabiashara Waarabu, akiwamo Hamed Ibrahim, nao walikuwa rafiki wa Omukama.

Pale aliposhindwa

Aliyewaelewa Mwingereza, Mwarabu na Kabaka hakuweza kupatana na Rogero, ndugu yake wa baba mmoja. Alipokutana na Speke, Rumanyika alitaka dawa ya kumweza ndugu huyo. Speke hakuwa nayo, na uadui ukabaki. Alipofariki mwaka 1878, ugomvi wa urithi uliwapata hata watoto wake, na Karagwe ikadhoofika.

Hili lisitushangaze. Kwa mgeni mtu huwa na subira, kwa kuwa hana hesabu ya zamani naye. Aliye karibu tunadhani tumekwisha kumjua, basi tunaacha kumwuliza.

Hatari ya kuwapanga watu

Tangu zamani binadamu wametafuta njia ya kuzipanga tabia. Wayunani waligawa watu kwa majimaji manne ya mwili, na elimu hiyo ikapita kwa waganga wa Kiarabu hadi pwani yetu, ambako husemwa damu, balghamu, safura na sauda. Mwaka 1921 Carl Jung wa Uswisi alitoa kitabu kilichotofautisha watu ambao nguvu zao huelekea nje, kwa wenzao, na wale ambao nguvu zao huelekea ndani, katika fikra zao. Siku hizi wataalamu wengi huona tabia kama ngazi yenye vidato vingi, ambapo kila mtu yupo mahali fulani, kuliko kama masanduku yenye vifuniko.

Masanduku yana hatari yake, na hapa Speke ni onyo. Alipoona uungwana wa Rumanyika, hakuusifu tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alidai kwamba watawala wa namna hiyo ni wa asili nyingine, waliotoka kaskazini, Uhabeshi. Yaani tabia ya mtu mmoja ilifanywa kuwa alama ya ukoo mzima. Fikra za namna hiyo zilitumiwa baadaye na wakoloni kuwagawa watu katika nchi za jirani, na Rwanda ilivuna matunda yake machungu kabisa mwaka 1994, wakimbizi walipovuka kwa wingi kuingia mkoa wa Kagera, Karagwe ikiwamo.

Mafunzo kwa mwalimu

Ndugu mwanachuo, kutokana na maisha haya tunaweza kupata mambo manne ya kutenda.

Kwanza, uliza kabla ya kukisia. Mwalimu mwenzio asiyesema kikaoni huenda anahitaji kuiona ajenda siku moja kabla.

Pili, usiwapimie wote kwa kibaba kimoja. Yupo apendaye kuambiwa jambo kwa ufupi na kuachiwa kazi, na yupo atakaye kukaa na kulizungumza. Usimhukumu Grant kwa mwendo wa Speke.

Tatu, mwenye madaraka mpe habari mapema. Mwalimu mkuu akilisikia shauri lako kwanza kwa mzazi, hata likiwa jema, atalipinga.

Nne, usimpe mwenzio jina la tabia ukaliacha limganda, wala usilifunge na kabila, dini au jinsia yake. Aliye mkimya leo huenda amefiwa. Aliye mkali huenda amebeba vipindi vya wawili. Na yule uliyegombana naye mwaka jana, ambaye dawati lake liko karibu na lako, ndiye Rogero wako. Anza kwake.

Maswali ya kujadili

1. Taja tofauti tatu kati ya mahitaji ya Speke na ya Grant. Je, katika shule uliyofanyia mazoezi tofauti kama hizo zilionekanaje?

2. Kwa nini huenda ilikuwa rahisi kwa Rumanyika kupatana na wageni kuliko na ndugu yake?

3. Eleza jinsi mwalimu anavyoweza kuzitambua tabia za wanafunzi wake bila kuwabandika majina.