Rebmann: Aliyeiona theluji akamaliza safari haoni

MMISIONARI Johannes Rebmann hukumbukwa kwa siku moja tu, Mei 11, 1848, alipoiona theluji ya Kilimanjaro akiwa njiani kwenda Uchagani. Mwanajiografia Desborough Cooley wa London alikanusha habari hiyo kwa miaka mingi. Maradhi ya Rebmann, ambayo yalidumu kuliko sifa yake, husimuliwa kwa nadra.

Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akafika Mombasa mwaka 1846. Aliishi pwani, Rabai, miaka 29 bila kurudi kwao. Mkewe, Emma, alifariki huko mwaka 1866. Macho yakazidi kufifia huku akiandika kamusi, hatimaye yakazima.

Mwaka 1875 Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, alimwongoza hadi Ulaya. Vitabu humtaja Nyondo kwa mstari mmoja, wala si haki. Kumshika mkono mtu mzima melini, kumweleza ngazi ilipo na sahani ilipo, ni uuguzi hata kama anayeufanya hana sare.

Mjini Moshi, chini ya mlima uleule, Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 ina idara ya macho. Somo la muuguzi kwa mgonjwa wa kisukari ni apimwe macho kila mwaka, hata akiona vizuri, kwani madhara huanza bila maumivu.

Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, Oktoba 4, 1876. Kamusi yake ya Kinyasa ilichapwa mwaka uliofuata.