Gandhi: Wakili mwenye aibu aliyeshushwa kwenye treni

Kesi yake ya kwanza mahakamani Bombay ilimshinda mapema. Alisimama ahoji shahidi, maneno yakagoma, akaketi na kurudisha ada ya mteja.

Mwaka 1893 Mohandas Gandhi, miaka 23, alienda Afrika Kusini kwa kazi ya mwaka mmoja tu. Pietermaritzburg akashushwa kwa nguvu behewa la daraja la kwanza, tiketi anayo, kisa rangi. Usiku kucha alitetemeka kwa baridi stesheni, akiwaza arudi zake India au abaki.

Alibaki. Mwaka 1894, kwenye sherehe ya kumuaga, ikajulikana Natal inataka kuwanyima Wahindi kura. Wenzake wakambana aahirishe safari, akakubali mwezi mmoja. Yule aliyekosa maneno Bombay akaandika malalamiko, akasaka saini, akaanzisha chama. Mwezi huo ulifika 1914.