Paul Otlet: Aliyetaka maktaba ionekane sebuleni

Usiku wa Jumamosi katika manispaa ya Saint-Gilles, mjini Brussels, si ajabu kukuta jamaa wamejipanga mbele ya runinga wakitazama harusi iliyofungwa mchana wa siku hiyo hiyo Bujumbura au Bukavu.

Picha zimo katika simu ya mkononi ya mmoja wao. Anagusa alama ndogo kwenye kioo, anachagua jina la runinga, na kilichokuwa kikitoshea kiganjani kinajaa ukutani. Watoto wananyamaza, wakubwa wanaanza kutaja majina ya wanaowatambua.

Hakuna anayemtaja Paul Otlet, na hakuna sababu ya kumtaja. Lakini hatua chache tu kutoka mpaka wa Saint-Gilles, kwenye kona ya Rue de Florence na Rue de Livourne, ingaliko nyumba aliyojengewa na msanifu Octave van Rysselberghe kati ya 1894 na 1898. Mwenye nyumba hiyo ndiye aliyeandika, mwaka 1934, kwamba siku moja msomaji atakaa nyumbani kwake, ataomba kitabu kwa simu, na ukurasa utamjia kwenye kioo.

Mwana wa mfanyabiashara wa tramu

Otlet alizaliwa Brussels tarehe 23 Agosti 1868. Baba yake, Édouard, alitajirika kwa kuuza tramu katika miji mingi ya dunia, na baadaye akawa seneta wa chama cha Kikatoliki. Mama yake alifariki dunia mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu.

Baba hakuamini madarasa. Alimwekea mwanawe walimu wa nyumbani hadi alipofika umri wa miaka 11, hivyo mtoto akakua bila marafiki wengi, akiwa na vitabu. Wale waliolelewa hivyo huwa na tabia ya kupanga vitu, na huyu alipanga kila kitu.

Mwaka 1890 alihitimu sheria na kuingia katika ofisi ya wakili mashuhuri Edmond Picard. Kazi ya uwakili haikumkaa moyoni. Mwaka uliofuata alikutana na Henri La Fontaine, wakili mwenzake aliyemzidi umri kwa miaka 14, msoshalisti na mtetezi wa amani ambaye mwaka 1913 angepewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo wawili hao hawakuachana hadi kifo cha La Fontaine mwaka 1943.

Kadi milioni kwa milioni

Swali lililowakusanya lilikuwa jepesi kulitamka: katika kila jambo lililowahi kuandikwa duniani, nani ameandika nini, na maandishi hayo yako wapi?

Mwaka 1895 walianzisha Taasisi ya Kimataifa ya Bibliografia. Kila kitabu na kila makala iliandikiwa kadi yake, sentimita 12.5 kwa 7.5, na kadi zikapangwa katika droo za mbao. Kufikia mwisho wa mwaka huo walikuwa na kadi 400,000. Katika miaka ya 1930 zilikuwa zimepita milioni 12.

Ili kadi zisipoteane, walimwomba Mmarekani Melvil Dewey ruhusa ya kutumia mpango wake wa namba za maktaba, kisha wakaupanua ukawa Uainishaji wa Desimali wa Kimataifa, ambao maktaba nyingi zinautumia hadi leo. Mhariri yeyote aliyewahi kutafuta gazeti la zamani kwenye chumba chenye vumbi atawashukuru.

Hata hivyo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza alipewa nafasi gani katika kabati hilo. Dewey alitenga mamia ya namba kwa ajili ya mambo ya Ulaya, huku lugha nyingi za Afrika zikirundikwa pamoja chini ya 496. Kiswahili, kwa mpango wa Dewey wa sasa, ni 496.392. Tumo, ila ndani kabisa, baada ya nukta.

Watu walianza kutuma maswali kwa barua. Kufikia mwaka 1912 taasisi ilikuwa ikijibu maswali zaidi ya 1,500 kwa mwaka. Mtu aliuliza, karani akafungua droo, akanakili kadi, akazituma kwa posta kwa malipo. Ilikuwa kazi ya miguu, mikono na stempu.

Simu na kioo

Hapa ndipo Otlet alipowapita wenzake. Wengine walitaka kadi ziongezeke. Yeye alianza kuwaza namna ya kumwondoa karani, posta na hata karatasi.

Mwaka 1906, pamoja na mwanasayansi Robert Goldschmidt, alipendekeza kwamba kurasa za kitabu zipigwe picha ndogo mno kwenye filamu na msomaji azikuze tena kwa mashine. Mwaka 1925 wawili hao walieleza chombo cha kubebeka, kiitwacho Bibliophote, cha kurusha kurasa hizo juu ya kioo kama sinema. Kitabu kilikwishaanza kuwa picha.

Goldschmidt huyo huyo ndiye aliyesimamia kituo cha redio cha Laeken, kaskazini mwa Brussels, kilichojengwa ili kupeleka simu za upepo hadi Kongo. Mnamo Machi 1914 kituo hicho kilitangaza muziki hewani, miongoni mwa matangazo ya kwanza kabisa ya aina hiyo barani Ulaya. Agosti mwaka huo kililipuliwa kisiangukie mikononi mwa Wajerumani. Sisi tuliozoea kusikia sauti za mbali redioni huenda tungependa kujua kwamba mojawapo ya sauti za mwanzo ilitoka katika mtambo uliojengwa kwa ajili ya kuitawala Afrika.

Basi Otlet alikuwa na picha ya kitabu kwa upande mmoja, na mawimbi ya hewani kwa upande wa pili. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu elimu ya nyaraka, kilichochapishwa mwaka 1934, aliviunganisha.

Alieleza meza ya kazi isiyo na kitabu hata kimoja. Juu yake pana kioo na simu tu. Mbali kule, katika jengo kubwa sana, ndimo vimo vitabu vyote na watu wa kuvitunza. Msomaji anauliza kwa simu, na ukurasa wenye jibu unatokea kwenye kioo mbele yake. Akitaka kulinganisha maandiko mawili, manne au kumi, kioo kinagawanywa mara mbili, nne au kumi. Pale macho yanapohitaji kusaidiwa na masikio, pana kipaza sauti.

Runinga wakati huo ilikuwa bado ni majaribio. Picha za John Logie Baird huko London zilikuwa hafifu, zenye mistari 30 tu, na ni mwaka 1936 ndipo Uingereza ilipoanza matangazo ya kawaida ya runinga yenye picha safi.

Leo watu huchanganya njia mbili za kupeleka picha ya simu kwenye runinga, na inafaa kuzitenganisha, kwa sababu Otlet aliiona mojawapo waziwazi.

Katika njia ya kwanza, simu hubana picha ya kioo chake chote, huituma kwa Wi-Fi ya nyumbani, nayo runinga huifungua na kuionyesha kama ilivyo. Ujumbe wa faragha ukiingia ghafla, familia nzima inausoma, na wengi wetu tumeaibika hivyo. Kanuni ya Miracast, iliyotolewa mwaka 2012, hufanya kazi kwa namna hii, ingawa simu na runinga huweza kuunganishwa moja kwa moja bila kupitia mtandao wa nyumba.

Katika njia ya pili, iliyoenezwa na Chromecast kuanzia mwaka 2013, simu haitumi picha. Inatoa amri tu, kwamba video fulani ionyeshwe. Runinga yenyewe ndiyo inayokwenda kuichota kutoka katika ghala la mbali. Ukishatoa amri unaweza kuizungumzia simu mambo mengine, na video ikaendelea.

Hii ya pili ndiyo meza ya Otlet: simu ya kuulizia, kioo cha kuonyeshea, na kitu chenyewe kubaki kule kilikohifadhiwa.

Na kwake ghala ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Kioo alikieleza kwa aya chache. Ghala alilihangaikia karibu nusu karne.

Ikulu ya Dunia

Vita Kuu ya Kwanza vilimchukulia mwanawe mdogo, Jean, aliyeuawa mwaka 1914 katika mapigano ya mto Yser. Baba akaandika kuhusu namna ya kumaliza vita kwa katiba ya dunia na haki za watu wote. Baada ya vita serikali ya Ubelgiji ilimpa yeye na La Fontaine sehemu ya majengo ya Cinquantenaire, na mwaka 1920 wakafungua hapo Palais Mondial, Ikulu ya Dunia, ambayo baadaye iliitwa Mundaneum.

Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba 1921, ikulu hiyo iliupokea Mkutano wa Pili wa Umoja wa Waafrika, ulioongozwa kwa sehemu kubwa na Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois. Magazeti yenye maslahi ya kikoloni yalikuwa yameushambulia mkutano kabla haujaanza. Kuwapa ukumbi lilikuwa tendo la ujasiri.

Miongoni mwa waliohutubia alikuwamo Paul Panda Farnana, Mkongo, mtaalamu wa kilimo aliyesomea Ubelgiji, aliyepigania jeshi la nchi hiyo mwaka 1914 na kutekwa na Wajerumani. Maazimio makali yaliyopitishwa London siku chache kabla hayakupita Brussels. Mwenyekiti, Blaise Diagne wa Senegal, aliyazuia, na mahali pake ikapitishwa kauli laini.

Otlet mwenyewe hakuwa mtu asiye na doa katika habari hii. Mwaka 1888, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alichapisha kijitabu akipendekeza Wamarekani weusi wapelekwe Kongo ili wawe chombo cha ustaarabu huko, katika nchi iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II. Wakongo wenyewe hakuwauliza. Mtu aliyetaka kila kitabu kijibu kila swali hakuona kwamba kuna wenye nchi waliopaswa kuulizwa kwanza.

Mlango uliofungwa

Serikali ilianza kumchoka. Mwaka 1924 ilimhamisha kwa muda ili kupisha maonyesho ya biashara ya mpira. Mwaka 1934, mwaka ule ule alipoandika habari ya kioo na simu, ilimfungia milango. Mzee huyo wa miaka 65 alikwenda kukaa mbele ya jengo kupinga, na haikusaidia. Akaendelea kufanya kazi nyumbani kwake Rue Fétis, huko Etterbeek, akizungukwa na makaratasi.

Kisha wakaja Wajerumani. Walitaka ukumbi kwa ajili ya maonyesho ya sanaa ya utawala wa Hitler. Makumi ya tani za magazeti na majarida yaliharibiwa. Kadi na mabaki mengine yalipelekwa katika jengo kuukuu la chuo kikuu, ndani ya Parc Léopold, lililokuwa likitumiwa kufundishia anatomia.

Brussels ilikombolewa Septemba 1944. Otlet alifariki dunia tarehe 14 Desemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 76. Wachache walitambua.

Naandika aya hizi nikikumbuka chumba kingine, katika nchi niliyolazimika kuiondoka, ambamo gazeti nililolihariri lilihifadhiwa kwa majuzuu yaliyojalidiwa, mwaka kwa mwaka. Sijui kilichoyapata. Msomaji mmoja aliweka nakala 11 chini ya godoro, na miaka mingi baadaye alizipiga picha kwa simu, akanitumia. Jioni moja hapa Saint-Gilles nilizirusha kwenye runinga ili mke wangu naye asome. Herufi zilionekana vizuri kuliko zilivyochapishwa. Matoleo mengine, yapatayo elfu mbili na zaidi, runinga haina pa kuyachota.

Mabaki ya kazi ya Otlet yalikutwa Parc Léopold mwaka 1968 na mtafiti W. Boyd Rayward, raia wa Australia, ambaye mwaka 1975 alichapisha kitabu kuhusu maisha yake. Yalihamishwa mara kadhaa, na mwaka 1998 Mundaneum ikafunguliwa upya katika mji wa Mons. Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza hazina hiyo ya kadi katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kutoka kituo cha Midi, kilichomo humu humu Saint-Gilles, treni hufika Mons kwa muda usiotimia saa moja. Makabati yamepangwa kuta nzima, kutoka chini hadi juu, na droo nyingi bado zina vibandiko vya zamani. Kazi ya kuzihamishia nyaraka hizo kwenye kompyuta inaendelea, moja baada ya nyingine, na zilizokwisha kupigwa picha mtu anaweza kuzifungua kwenye simu yake akiwa popote, akaziweka kwenye runinga akitaka.