Imamu Ghazali na Miezi Sita ya Wasiwasi



Ndugu zangu, muhula uliopita nililala na majuto ya somo nililofeli, nikaamka na hofu ya ajira ambayo hata sijaanza kuitafuta. Siku zikapita bila kufungua daftari. Wakati huohuo darasani tulikuwa tukisoma maisha ya Imamu Abu Hamid al-Ghazali, na sehemu moja ya maisha hayo ilinigusa sana. Nataka niwasimulie.

Alizaliwa mwaka 1058 (450 Hijria) mjini Tus, katika Iran ya leo. Baba yake alifariki yeye na mdogo wake Ahmad wakiwa bado watoto, akawaacha mikononi mwa rafiki yake. Fedha zilipokwisha, mlezi huyo akawashauri waingie madrasa, ambako wanafunzi walipewa chakula. Baadaye Ghazali alisoma Nishapur kwa Imamu al-Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nizam al-Mulk akamteua kufundisha Nizamiyya ya Baghdad. Alikuwa na miaka kama 33 tu, na wanafunzi wapatao 300 walimsikiliza.

Sisi tungesema huyu amefika. Lakini mwaka 1095 mambo yalibadilika. Akitazama nyuma, aliona kwamba amefundisha kwa kutafuta cheo na sifa, si radhi za Mwenyezi Mungu. Akitazama mbele, aliogopa mauti yasimkute katika hali hiyo. Tena aliogopa kuacha cheo asije akakijutia. Asubuhi aliazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Alikaa hivyo karibu miezi sita. Mwishowe ulimi ukafungwa: alikaa mbele ya wanafunzi, neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni, na dawa zao hazitafaa mpaka moyo utulie.

Hapa nilisimama kidogo. Mara ngapi tumemwambia mwenzetu aliyesongwa na mawazo kwamba imani yake ni ndogo? Huyu alikuwa mwanachuoni mkubwa wa zama zake, na mwili wake ulishindwa.

Alifanya nini? Kwanza alikiri kwamba ameshindwa, akamlilia Mola wake. Kisha akachukua hatua. Aligawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha yeye na watoto wake, akaondoka Baghdad. Alikaa Sham karibu miaka miwili, akijitenga katika mnara wa msikiti wa Damascus. Alifika Baitul Maqdis, akahiji, kisha akarudi kwao kwa sababu watoto walimhitaji.

Katika miaka hiyo ya safari na upweke aliandika Ihya Ulum al-Din, chenye vitabu 40. Humo nilipata mambo mawili. Katika kitabu cha toba, jana inatibiwa kwa kujuta na kurekebisha kinachorekebishika. Majuto yasiyozaa kitendo hayajakamilika. Katika kitabu cha tawakkul, kesho tunamwachia Allah huku mikono ikifanya kazi. Mwenye njaa asiyenyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake hajategemea, amekosea tu.

Mwaka 1106 alirudi kufundisha Nishapur. Kazi ilikuwa ileile ya Baghdad, ila nia ilikuwa nyingine. Alifariki Tus mwezi Desemba 1111.

Mimi si Ghazali, na sikuhitaji kwenda Damascus. Nilikwenda kujiandikisha kurudia somo lile. Hiyo ndiyo ilikuwa toba ya uvivu wangu. Kuhusu ajira, naomba dua na kusoma kurasa za leo. Hofu haijaisha yote, ila usingizi umerudi. Nawe ndugu yangu, dada yangu, ukiona usingizi au chakula vimekataa, usijifiche. Mwone daktari au mshauri, na umwambie mwenzako unayemwamini. Hata Imamu alitazamwa na matabibu.

Allah atusamehe yaliyopita, atutengenezee yajayo, na atubarikie leo yetu. Amin.