Thomas Odhiambo na Swali la Sumu Shambani

Wengi wetu hapa chuoni tunawajua Newton na Darwin, lakini ukimtaja Thomas Risley Odhiambo watu wanauliza: huyo nani? Mimi natoka Tarime, jirani kabisa na alikofanyia kazi, na hata kwetu ni wachache wanaomjua. Basi nimweleze.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Maseno, kisha Makerere, akafanya kazi Uganda kama mtaalamu wa wadudu katika idara ya kilimo. Enzi hizo jibu la mdudu lilikuwa moja tu: DDT na ndugu zake. Odhiambo akaenda Cambridge kuchunguza nzige wa jangwani, jinsi homoni kutoka tezi ndogo za kichwani zinavyoongoza uzazi wake. Alipata udaktari mwaka 1965. Kumbe mdudu naye anaendeshwa na kemikali zake mwenyewe. Ukizielewa, unaweza kumdhibiti bila kumwagia sumu kila kilicho hai shambani.

Akarudi Nairobi. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science akitetea sayansi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokiongoza hadi 1994. Kituo kikafungua kambi Mbita, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, kaskazini mwa mkoa wetu wa Mara.

Miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, pamoja na wenzao wa Rothamsted ya Uingereza, walibuni kilimo cha sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi, harufu yake ikamfukuza nondo wa bungua wa mabua. Majani ya tembo huzunguka shamba na kumvuta. Faida nyingine ni kwa kiduha. Mizizi ya mahindi hutoa strigolaktoni, ambayo ndani ya mmea ni homoni inayoongoza utoaji wa matawi. Mbegu ya kiduha ikiipata, inaamka. Desmodiamu nayo huiamsha, lakini huizuia isishike mzizi wa mahindi, ikafa njaa. Wakulima wa Tarime ni miongoni mwa walioipokea mbinu hii.

Sasa tuje kwenye mboga. Nikienda likizo naona nyanya na kabichi zikipigwa dawa leo, keshokutwa ziko sokoni. Watu wanasema, si tutaosha? Shida ni kwamba dawa za kupenya hazibaki juu ya jani. Zinaingia kwa mizizi au majani, zinasafiri na maji ya mmea. Hata homoni zina usemi hapo: wakati wa ukame asidi ya abisisiki hufunga vitundu vya majani, maji yanapanda polepole, na dawa iliyo ndani yake vilevile. Siku za kungoja zilizoandikwa kwenye lebo ndizo mmea unazotumia kuivunja sumu. Watafiti wa China wameonyesha, kwa matango, kwamba homoni za brasinosteroidi zinaharakisha kazi hiyo.

Odhiambo alifariki Mei 2003. Kwenye mahindi, sukuma-vuta imefika mbali. Kwenye nyanya na kabichi kazi bado ni kubwa, na wa kuifanya ni sisi tunaosoma kilimo na kemia, ambao mama zetu wanauza mboga Sirari na Mugumu.